Ndege Iliyotua Bila Kuzunguka

Wifi yangu Jerusha si mtu wa kuombaomba. Mwaka ule aliomba jambo moja tu, akaliomba kwa Mungu na kwa shirika la ndege, na nadhani kwa Mungu ndiko alikotegemea kusikilizwa mapema. Alitaka siku mume wake Obadia atakaporudishwa kutoka hospitali ya kusini, awe anatembea au amelala, yeye Jerusha awe amesimama uwanjani kumpokea. Basi. Hakuomba apone. Alimjua daktari, na alijua daktari akianza kukuita kwa jina lako la kwanza mambo yamekwisha.

Obadia ni kaka yangu. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa wakala wa Ndege za Kervinen hapa kwetu Ziwa Kinoje. Barabara hatuna, ila ile ya barafu wakati wa baridi kali, na hiyo nayo siku hizi inayeyuka kabla hatujaizoea. Kwa hiyo kila kitu kinatoka angani: unga, nepi, soda, walimu, wachungaji, na maiti zetu. Obadia ndiye aliyesimama pale kwenye kibanda cha bati na redio ya mawasiliano begani na mizani miguuni. Ndege ndogo haitaki mzaha na uzito, kwa hiyo hupimwa mzigo, na mtu naye hupimwa. Hakuna mwanamke wa kijiji hiki ambaye Obadia hakujua kilo zake. Na hakuna aliyependa.

Siku moja nilikuwa naenda mjini kumwona binamu yetu. Nikapanda mizani na koti langu kubwa.

"Kezia," akasema, mbele za watu, "umenenepa tangu chai ya asubuhi."

"Ni huzuni, kaka."

"Huzuni yako ina mabawa mawili na imegandishwa. Mtoe."

Nikamtoa bata bukini kutoka ndani ya koti. Watu wakacheka mpaka rubani akazima injini aone kuna nini. Obadia akampima yule bata peke yake, akaandika, kisha akampakia bila kunitoza. Ndivyo kazi ilivyofanywa enzi za Kervinen.

Kervinen mwenyewe, mzee Toivo, alikuwa Mfini aliyekuja kaskazini baada ya vita na ndege moja ya mitumba, ya manjano, iliyovalishwa maboya kiangazi itue majini na mbao za kutelezea wakati wa baridi itue kwenye barafu. Katikati, barafu inapokatika, hakuja mtu, tukala samaki na umbeya. Hakuwa mzungumzaji. Maneno yake ya mwaka mzima ungeyatia kwenye kikombe na bado ukapata nafasi ya sukari. Lakini alikuja. Mvua ikinyesha alikuja, na tukishindwa kulipa alikuja, akachukua ngozi au samaki wa kukausha, akaenda kujifungia katika kile chumba chake cha mvuke na kujichapa na matawi kama mtu aliyejikosea.

Yeye ndiye aliyeanzisha mzunguko. Mimi nilikuwa msichana. Alikuwa amemleta bibi mmoja wa hapa aliyefia hospitali, na alipofika juu ya ziwa hakushuka. Akalizunguka ziwa lote, polepole, chini chini, akapita nyuma ya kisiwa, akarudi. Kila mtu akatoka nje kutazama. Wavuvi wakapiga makasia kuelekea ufukweni, wakasimama na kofia mikononi. Ndege ilipogusa maji kijiji kizima kilikuwa pale. Wazee wakamshukuru Kervinen kwa heshima ile, wakamwambia hawajawahi kuona mgeni mwenye adabu namna hiyo. Akatikisa kichwa, akanywa chai.

Miaka mingi baadaye alimwambia Obadia kwamba mitumbwi ilikuwa imejaa pale alipotaka kutua, akawa anasubiri iondoke. Obadia akamwambia asithubutu kumwambia mtu mwingine. Hakuthubutu. Na tangu siku ile ya shukrani hakuna maiti wa Ziwa Kinoje aliyeshushwa bila kuzungushwa kwanza.

Baadaye ukatengenezwa uwanja wa changarawe, zikaja ndege za injini mbili, mzee Toivo akafa, mwanawe Reino akashika shirika. Marubani walikuja vijana wakaondoka wakiwa marubani wa ndege kubwa zenye chakula. Kila aliyekuja Reino alimfundisha mambo ya Kinoje: changarawe inakula rafadha za injini, mbwa wa kule hawaogopi kitu, na ukibeba marehemu unazunguka. Rubani akiwa mgeni kabisa, Obadia alimkumbusha redioni. Ukiwa nyumbani ulisikia mngurumo unakuja, halafu badala ya kushuka unakwenda, unakuwa mdogo nyuma ya kisiwa, unarudi. Hapo wanawake waliepua sufuria, wanaume wakazima misumeno. Hukuhitaji kuambiwa. Magurudumu yalipogusa chini tulikuwa tumeshafika. Hakuna aliyeshuka peke yake.

Kisha Reino akazeeka, watoto wake hawakutaka ndege, wakataka nyumba mjini. Akauza. Kampuni iliyonunua ni ya kusini, sitaitaja, ina mawakili. Walizipaka ndege rangi nzuri, na marubani wakapewa kofia. Obadia akaambiwa kazi ya wakala imekwisha, mambo yote sasa yanapitia kwenye kompyuta. Wakamuaga kwa heshima na kumpa saa ya ukutani yenye picha ya ndege. Wamempa saa mtu ambaye hajawahi kuona ndege ikifika kwa wakati.

"Itanisaidia kujua wamechelewa kiasi gani," akasema, akaitundika chooni.

Mwaka wa pili wa kampuni hiyo figo zake zikagoma.

Siku ya kuondoka tulikwenda naye uwanjani, mimi na Jerusha. Ofisi inayolipia wagonjwa ilikuwa imesema mgonjwa anayeweza kutembea hahitaji msindikizaji, na Obadia kwa ujinga wake alipoulizwa kama anatembea alijibu ndiyo, akawatembelea ofisi nzima kuwaonyesha. Kwa hiyo kiti kilikuwa kimoja. Jerusha alisimama mbele yake akimfunga skafu, akaifungua, akaifunga tena.

"Usilie mbele ya abiria," Obadia akamwambia. "Watadhani ndege ni mbovu."

"Silii. Ni upepo."

"Upepo unatoka nyuma yako, mama."

Jerusha akampiga kifuani, kidogo, kama unavyompiga mtu unayeogopa atavunjika. "Sikiliza wewe mwanamume. Nitakuwa hapa hapa. Ukirudi unatembea nitakuwa hapa. Ukirudi umelala nitakuwa hapa. Sitaki ushuke halafu utafute uso wangu uukose."

"Nikirudi nimelala utanisikia. Watanizungusha."

"Utawaambia?"

"Kwani huwa wanaambiwa? Nimewazungusha watu wote wa ziwa hili, mimi ndiye wa kusahaulika?"

Akapanda ngazi. Alipofika juu akageuka, akauliza kwa sauti kubwa kama wameshampima dada yake Kezia, maana anaona ndege imeinama upande niliosimama. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kinywani mwa kaka yangu, na nikitaka kulia nayakumbuka, na nikiyakumbuka nacheka, kwa hiyo hata kilio changu amekiharibu.

Alifariki kabla bata bukini hawajarudi. Jerusha alizungumza naye kwa simu jioni iliyotangulia. Walizungumzia bomba la jikoni linalovuja.

Ofisi ya chifu ikapiga simu kwa kampuni. Kampuni ikasema mwili utakuja Jumanne au Ijumaa, kutegemea nafasi ya mizigo. Hakuna aliyewaambia wazunguke. Nataka mnielewe hapa. Hatukusahau. Hakuna aliyejua kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Tangu Reino auze, hakuna wa kwetu aliyekuwa amerudishwa amekufa, tulikuwa tukijisifu kwa afya njema. Sisi tulidhani ndege ndizo zinazojua kuzunguka. Aliyejua kwamba ni watu wanaojua, na kwamba watu hukumbushwa, ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku.

Jumanne Jerusha alifika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Alivaa koti jeusi na viatu vya kanisani, ambavyo kwenye theluji ile ni sawa na kutembea pekupeku. Ndege ikaja moja kwa moja, ikatua, ikatoa nepi, viazi na mwalimu wa hesabu. Obadia hakuwemo.

"Unaona," Jerusha akaniambia tukirudi, meno yakigongana. "Haikuzunguka, na hayumo. Wanajua."

Nikasema ndiyo wanajua.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikaa juu ya ziwa kama sufi, kisiwa hukukiona. Kila mtu akasema leo hakuna ndege. Jerusha alikuwa na kikohozi cha Jumanne, tukamkalisha jikoni kwake, na wanawake wakaja kuandaa chakula cha mazishi, maana mazishi yangekuwa siku yoyote atakayofika. Nyumba ilijaa. Mmoja anakatakata nyama, mwingine anaonja kuliko anavyopika, na Jerusha mwenyewe, tumemkataza, anakanda mkate wetu wa kikaango. Alisema mikono ikikaa bure inamletea mawazo.

Mchana ukungu ukapanda. Hatukuona ulivyoondoka, tulishtukia jua mezani. Na mara tukasikia mngurumo.

Mtu alishika kijiko juu ya sufuria na mchuzi ukawa unadondoka. Sote tulikuwa tumeinua nyuso kutazama dari, kana kwamba ndege ingepita pale. Mngurumo ukaja, ukakua, ukashuka. Haukwenda kisiwani. Tukasikia magurudumu na changarawe, kule mbali, kisha injini zikinguruma kupunguza mwendo.

Jerusha akashusha pumzi.

"Hayumo," akasema. "Basi Jumanne." Akaurudia unga wake. Halafu akatikisa kichwa, akasema, "Maskini mwanamume huyu. Maisha yake yote amewasema wenzake kwa kuchelewa, na sasa yeye ndiye anachelewa kuliko wote."

Tulicheka. Jinsi tulivyocheka! Kicheko cha msiba ndicho kikali, kinatoka tumboni na machozi yake. Jerusha mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Nimekipima kicheko kile mara nyingi tangu siku hiyo, na naona kilikuwa kirefu. Tulikuwa bado tunafuta macho mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa Gideon, dereva wa pikapu ya duka, anayekwenda kuchukua mizigo kila ndege inapotua. Aliingia na viatu vyake vya theluji, amevaa shati tu bila koti.

"Viatu, Gideon!" wakamkemea.

Hakuvua. "Mama Jerusha."

"Utapata homa ya mapafu, mwanangu. Koti lako liko wapi?"

"Mama Jerusha, mzee yupo."

"Mzee gani?"

"Mzee Obadia. Yupo uwanjani. Wameshamshusha."

Jerusha akamtazama kama anayezungumza lugha ya watu wengine. "Ndege haikuzunguka," akamwambia, kwa upole, kama unavyomsahihisha mtoto.

"Najua, mama."

"Gideon. Tumesikiliza sote. Haikuzunguka."

"Najua. Nami nilishangaa. Nilidhani nimekuja kuchukua viazi. Yupo chini kando ya viazi, mama. Nimemfunika na koti langu."

Hatukumngoja mtu. Jerusha alipanda pikapu akiwa na aproni, mikono imejaa unga mpaka viwiko. Mimi nikajibana katikati. Njiani alisema neno moja tu: "Endesha."

Sanduku lilikuwa limewekwa pembeni mwa kibanda, juu ya mbao, limefungwa turubai la buluu. Kulia kwake magunia ya viazi, kushoto kwake makatoni ya soda. Koti la Gideon lilikuwa juu, mikono yake imekunjwa ndani vizuri. Kuzunguka hapo theluji ilikuwa safi, imekanyagwa na watu wachache tu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, jinsi theluji ilivyokuwa safi. Kwa mzee mwingine yeyote hapo pangekuwa tope.

Rubani alikuwa binti wa Kifaransa, jina lake Maëlle, mdogo, pua nyekundu kwa baridi. Mwenzake alikuwa akijaza mafuta. Binti alituona akaja mbio, akavua kofia.

"Pole sana, bibi. Wewe ndiye wa familia?"

"Mimi ndiye mke."

"Pole sana. Tulidhani kuna mtu wa kupokea. Kwenye kompyuta imeandikwa kuna wa kupokea."

"Yupo," Jerusha akasema. "Alikuwa anakanda mkate."

Binti hakuelewa. Nikamweleza mimi: kwamba ndege ikileta marehemu huzunguka ziwa, nasi tukisikia tunakuja, na isipozunguka tunajua hakuna mtu. Nilieleza kwa maneno machache, na nilipokuwa nikieleza niliona ni jambo dogo kiasi gani, la kusema mara moja kwenye simu. Uso wa yule binti ulibadilika rangi.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Ningezunguka. Naapa, bibi, ningezunguka mara kumi."

"Najua, binti yangu," Jerusha akasema. "Ulipomshusha, kulikuwa na nani?"

"Mimi na mwenzangu. Tulikuwa waangalifu. Hatukumgonga popote."

"Mlimwambia nini?"

Binti akatazama chini. "Hatukumwambia kitu. Tulihesabu tu, moja, mbili, tatu, ili tunyanyue pamoja."

Jerusha akapiga magoti kwenye theluji. "Yeye alikuwa anawaambia," akasema, si kwetu hasa. "Kila mmoja. Alikuwa akiweka mkono kwenye sanduku anasema, umefika nyumbani. Hata wale waliokuwa wamemtukana walipokuwa hai. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtu akisafiri amelala hajui amefika wapi."

Nami nilikuwa dada yake na sikujua hilo.

Akaweka mkono juu ya turubai, ukaacha alama nyeupe ya unga. "Umefika," akamwambia. "Umefika kitambo, mume wangu. Mimi ndiye sijui nilikuwa wapi."

Gideon akageuka akaanza kupanga viazi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Yule binti alikuwa akilia waziwazi, bila kujipangusa.

"Ninaweza kuzunguka sasa," akasema. "Tukiondoka. Sihitaji waniruhusu."

"Umzungushe nani?" Jerusha akamuuliza. Hakusema kwa ukali. "Yeye yuko hapa."

Lakini walipopaa, binti alizunguka. Alipitia upande usio wake, kulia badala ya kushoto, na alipanda juu mno, huenda kwa kuogopa mabosi wake, lakini alilizunguka ziwa lote mpaka nyuma ya kisiwa. Jerusha alifuata kwa macho. "Ana moyo mzuri," akaniambia. "Lakini wifi, anazungusha viti vitupu."

Na kijijini wakasikia. Wale waliokuwa wamekwisha kupashwa habari na wale ambao hawajapata, wote walisikia mngurumo ukienda kisiwani na kurudi, na wote wakaulizana: nani tena? Wakaja mbio. Wengine walikuja na kandambili, mmoja na kijiko cha mchuzi mkononi, mchungaji amenyoa shavu moja. Walifika wakitazama juu kungoja ndege ishuke, na ndege ikawa imekwenda zake kwenye kijiji kingine. Ilibidi niwaonyeshe kwa kidole kwamba aliyefika yuko chini, kando ya soda. Wakavua kofia. Uwanja ulijaa, kama ulivyokuwa unajaa kwa wote, na theluji ikawa tope. Jerusha alisimama katikati yao, wanamshika mabega na kumwambia angalau amefika, angalau watu wote wako hapa. Alikuwa akiitikia, ndiyo, ndiyo, asanteni. Ila mimi namjua. Alikuwa akitazama pale pembeni mwa uwanja ambapo ndege husimama, pahali patupu.

Chifu aliongea na kampuni. Walikuwa na adabu. Walisema kuzunguka kunakula mafuta na hakumo katika kanuni, lakini kuanzia sasa wakimbeba marehemu watatuma ujumbe kwenye simu, na kweli wanatuma. Unalia mfukoni, kidogo, kama mbu. Hakuna aliyewahi kuepua sufuria kwa sababu ya mlio ule.

Kwa hiyo sasa tunaipokea kila ndege. Hatukukubaliana, ilianza tu. Jerusha alianza kwenda Jumanne iliyofuata, nikaona haya kumwacha peke yake, jirani akaona haya kutuacha sisi, ikawa hivyo. Ikishusha nepi tupo. Ikishusha mkaguzi wa maji tupo, na yeye anarekebisha tai akidhani ni yake. Tunasimama mpaka mlango ufunguliwe na wa mwisho atoke, kisha tunarudi kuendelea na shughuli.

Kampuni wametupiga picha, imetoka kwenye lile gazeti lao wanaloweka mfukoni mwa kila kiti. Chini yake wameandika kwamba watu wa Ziwa Kinoje huja kila safari kwa furaha ya kuziona ndege zao. Mchungaji alitaka kuwapigia simu awasahihishe. Jerusha akamwambia awaache, akachukua kofia yake akatoka, maana ndege ya mchana ilikuwa karibu kufika.